Mdogo Wangu Ana Miaka Minne

Anchorage, 27 Machi 2004

Mama Mkubwa,

Nisamehe kwa kimya changu. Tangu Krismasi sijakuandikia, na barua yako ilifika, na samaki wakavu walifika, tukawala mpaka mafuta ya mwisho yaliyobaki kwenye mfuko. Kila siku nasema leo nitaandika. Nikitoka kazini jikoni miguu imevimba, nikikaa kidogo tu kuna jambo linaniinua. Nalala kidogo siku hizi. Si kwa ubaya.

Sasa nina shida, ndiyo maana kalamu imepatikana. Najua utasema hivyo, na ni kweli.

Jumanne nilipata barua ya ofisi ya kodi. Wanasema mtoto niliyemwandika kwenye fomu yangu kuwa ananitegemea, yaani Agafia wetu, ameandikwa na mtu mwingine pia. Jina lile lile, namba ile ile ya serikali. Huyo mtu hawamtaji. Wanasema mmoja wetu amekosea na ajirekebishe mwenyewe, la sivyo tutaitwa wote wawili tulete ushahidi mtoto alilala nyumba ya nani mwaka mzima uliopita.

Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Namba ya Agafia iko kwangu, iko kliniki, na iko kwenye bahasha niliyokuachia, ile uliyoiweka nyuma ya picha takatifu. Basi ni mtu wa kliniki, au ni mtu wa ofisi ya baraza la kijiji anayepitia karatasi za watu. Uliza polepole, usipige kelele dukani. Ukimjua mwambie kwamba mtoto wa watu haandikwi ovyo. Mwizi wa nyavu nitamsamehe, lakini wa jina la mtoto sitamsamehe.

Mbusu Agafia. Mwambie binti yake wa Anchorage anamsalimu. Najua atacheka, ndiyo salamu yetu tangu alipopewa jina la marehemu mama.

Ni mimi,
Fedosia


Kijijini, 14 Aprili 2004

Fedosia,

Kristo amefufuka. Mwizi ni mimi.

Niliposoma barua yako nilicheka peke yangu, Agafia akaniuliza nacheka nini, halafu nikaacha kucheka.

Unajua mwaka jana nilipata kazi ya kupikia watoto wa shule, na mwenye mshahara lazima ajaze fomu. Mwezi wa pili ndege ikaleta wale wanafunzi wa chuo wanaojitolea kutujazia bure. Wakalala sakafuni darasani, wakapanga meza na kompyuta zao kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu, nasi tukapanga foleni kama tunaosubiri chanjo. Mimi niliangukia kwa binti mmoja mwenye viatu vya kukimbilia, baridi yote ile! Agafia nimempakata, anakula biskuti za yule binti bila kuomba.

Akaniuliza, "Kuna mtu anayekutegemea?"

"Huyu hapa."

"Ni nani yako?"

"Mdogo wangu."

Akamtazama Agafia. Akanitazama mimi, na meno yangu haya. "Mdogo wako wa kuzaliwa?"

"Wa kuzaliwa. Mama mmoja, baba mmoja."

"Ana miaka mingapi?"

"Minne."

"Na wewe?"

"Hamsini na tisa."

Akasema, "Mama yenu alikuwa na afya nzuri."

Nikamwambia, "Sana."

Akaandika: dada. Foleni nzima nyuma yangu hakuna aliyeshtuka, maana wote wanajua huyu ni mdogo wangu. Sikumdanganya yule binti, Fedosia. Aliuliza ni nani yangu, nikajibu ninavyojibu kila siku ya Mungu. Angeuliza nani alimzaa ningekutaja wewe. Hakuuliza.

Kisha akauliza amelala kwangu miezi mingapi. Hilo sikulifikiria hata kidogo. Kumi na miwili.

Sasa na mimi nimeletewa barua yangu. Mbali na habari ya namba, wanataka vyeti viwili vya kuzaliwa vya kuonyesha kwamba mimi na Agafia tumetoka kwa mama mmoja. Mama yetu alikufa mwaka sabini na moja. Niwaonyeshe nini, kaburi?

Lakini tuache vicheko. Wewe uliandika miezi mingapi? Mwezi wa kumi na moja, sikio lake lilipotoa usaha na nikambeba kliniki mgongoni kwa sababu pikipiki ya theluji ilikataa kuwaka, alikuwa kwako? Alipojifunza kusema, alikuwa kwako? Ulimtoa awe wangu. Kwetu mtu akimpa dada wa mama yake mtoto, hamwazimishi kama nyavu. Bibi yako alitolewa, mimi mwenyewe nilitolewa nikiwa na wiki tatu, na hakuna aliyekuja na karatasi kunidai.

Na huo usingizi wako mdogo, uite kwa jina lake. Hapa hata tumbo la Anchorage linaonekana. Ni wa kike au wa kiume?

Mama yako Mkubwa,
Matrona


Anchorage, 24 Aprili 2004

Mama Mkubwa,

Ni wa kike. Anaitwa Marfa, ana miezi sita, na sasa hivi ananivuta nywele wakati naandika. Baba yake yuko kwenye meli za samaki, anakuja na kuondoka. Ni mtu mwema, hanywi. Sikukuambia kwa sababu ungeniuliza kwa nini huyu ninaye na yule sinaye. Swali hilo halihitaji stempu kunifikia. Ninalo hapa nyumbani.

Nimekuita mwizi, nisamehe. Kama ningekuwa na akili ningejua. Nani mwingine angemwandika?

Uliniuliza miezi mingapi. Kumi na miwili. Na si mwaka jana tu, ni kila mwaka tangu nilipokuja huku. Lakini usiniite mwongo mpaka umalize kusoma.

Mwaka wa kwanza nilikwenda kwa mama mmoja anayejaza fomu za watu kwenye kiduka karibu na kituo cha basi. Akaniuliza, "Mtoto unaishi naye?" Nikamwambia yuko kijijini kwa mama yangu mkubwa. Akasema, "Yuko huko moja kwa moja, au kwa muda?" Nikasema kwa muda. "Una nia ya kumrudisha?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi mtu aliye mbali kwa muda anahesabiwa yuko nyumbani," na akaandika kumi na mbili. Nilitaka kumrukia yule mama nimkumbatie. Mwaka mzima hakuna aliyeniambia kwamba mwanangu yuko nyumbani.

Wewe utasema, muda gani huo wa miaka minne? Nami najiambia hivyo hivyo. Mwaka wa kwanza sikuwa na chumba. Wa pili nilikuwa na chumba na watu watano ndani yake. Wa tatu nilikuja nikamkuta amelala mgongoni kwako, nikashindwa kumtoa. Kila mara yule mama akiniuliza una nia ya kumrudisha, namjibu ndiyo, na kila mara ni kweli. Nina karatasi nne, Mama Mkubwa, jina langu na jina lake yako pamoja. Cheti cha kuzaliwa unacho wewe. Mimi nina hizo tu.

Siku ile kwenye uwanja wa ndege nilikupa mtoto nikasema, "Kaa naye." Wewe ukasema, "Nimempokea." Tulisikiana vizuri sana. Hakuna aliyemuuliza mwenzake mpaka lini. Mimi niliogopa kuuliza kwa sababu ungeona kama sikuamini. Wewe kwa nini hukuuliza?

Sasa nina vyumba viwili. Agafia anatimiza miaka mitano mwezi wa sita, na shule huku inafungua katikati ya mwezi wa nane. Nataka aje. Nalisema polepole lakini nalisema.

Fedosia


Kijijini, 6 Mei 2004

Fedosia,

Barafu ya mto inalia usiku na mchana lakini haijapasuka. Watu wamewekeana dau siku itakayopasuka. Mimi sijaweka, sina moyo wa kucheza.

Umeniuliza kwa nini sikukuuliza mpaka lini. Nitakuambia.

Mama yako aliondoka hapa kwenda hospitali ya huko Anchorage akitembea kwa miguu yake. Alipanda ile ndege mwenyewe, akageuka mlangoni akaniambia, "Matrona, usiache mbwa wale ngozi zangu." Hilo ndilo neno la mwisho. Wiki sita baadaye alirudi kwenye ndege ya mizigo, katikati ya maboksi ya soda na nepi, na rubani akaniomba nisaini kwamba nimepokea mzigo. Nikasaini.

Miezi minne baadaye ukazaa. Walipommwagia maji kichwani na kumwita Agafia, alifungua kiganja akakishika kidole changu hiki chenye kucha iliyokufa. Mama yako alikuwa akikishika hicho hicho tukiwa wadogo tukitembea gizani. Nikasema, haya, umerudi, ulinitesa. Tangu siku hiyo sijalala na huzuni hata mara moja. Wewe ulipomweka mikononi mwangu pale uwanjani, nilidhani umeona. Nilidhani ndiyo sababu umemtoa. Mtu hapewi mdogo wake halafu akauliza mpaka lini.

Sasa unaniambia nimpandishe ndege tena, mimi kwa mikono yangu, aende mji ule ule. Mtoto mwenye jina lile lile.

Nilikwenda ofisi ya baraza. Wanayo karatasi kwa ajili ya mtoto aliyetolewa kwa desturi yetu, na serikali inaikubali. Unasaini wewe, nasaini mimi, wazee wawili wanashuhudia. Cheti kipya cha kuzaliwa kinatoka na mama anaandikwa mimi. Ofisi ya kodi itanyamaza, na mimi sitahitaji kuwa dada wa mtu mbele ya wanafunzi. Nimeiweka humu. Na kalamu nimeiweka pia, usije ukaniambia haikupatikana.

Au ni zile hela wanazorudisha watu wenye watoto? Kama ni hela, niambie bila aibu. Zangu zikija nitakutumia zote, hata senti sitagusa.

Agafia ameng'oka jino la kwanza. Amelitupa kwa mbwa kama inavyotakiwa.

Matrona


Anchorage, 20 Mei 2004

Mama Mkubwa,

Nakurudishia karatasi. Sijasaini. Kalamu nimebaki nayo, inaandika vizuri.

Kwanza hela, ili tusizirudie tena. Nimekwenda kwa yule mama wa fomu nikamwambia amtoe Agafia. Mwaka jana alilala kwako, kwangu hakulala hata siku moja, na nia yangu haikumfunika baridi. Tumejaza fomu ya kurekebisha. Pale palipokuwa na jina lake na langu sasa pamebaki langu na la Marfa tu. Nilichorudishiwa cha ziada nitakilipa kidogo kidogo. Miaka ya nyuma nimewaeleza pia, wakiniita nitakwenda. Yule mama akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika, halafu nikashindwa kusoma pa kusaini, akaniwekea kidole.

Kwa hiyo mwaka jana ni wako, na kwenye karatasi sasa ni wako. Usiseme tena hela.

Pili, mji huu. Nilikuficha kitu. Jiko ninalofanya kazi ni la hospitali ile. Kila asubuhi napika uji wa wagonjwa ghorofa mbili chini ya chumba alichokufa mama. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakuchukia unaponiandikia "mji ule," kwa sababu mimi niliuona ukimhangaikia. Mji haukumuua. Alikuwa na uvimbe ule tangu msimu wa samaki, na sisi wawili tuliujua, tukanyamaza kwa sababu alituomba tumalize samaki kwanza. Wewe ulijua na mimi nilijua. Tukamwacha akate samaki mpaka mwezi wa tisa.

Sisemi ili kukuumiza. Nasema kwa sababu nadhani ndicho tunachogombania, na si Agafia.

Tatu. Jumapili ulinipigia kutoka simu ya baraza ukampa yeye aongee. Unajua aliniambia nini?

"Mwanangu, umekula?"

Nikasema nimekula.

"Umekula nini?"

"Supu."

"Supu si chakula. Umevaa kofia?"

"Nimevaa."

"Basi usilie."

Na mimi sikuwa nimelia bado, Mama Mkubwa. Nilikuwa najiandaa. Alijua kabla yangu.

Nilikata simu nikakaa. Wewe umempata mdogo wako. Mimi nimempata mama yangu. Kijiji kizima kikimwona kinamwona marehemu, kinampa kipande kizuri cha samaki, kinamuuliza habari za huko alikotoka. Yeye amepata nini? Ana miaka minne na ana wafiwa wawili wa kuwatunza. Ananiuliza mimi kama nimekula. Nani anamuuliza yeye?

Jina sitalifuta. Marehemu anarudi kwa jina, nami naamini kama wewe. Lakini tumbo lile ni langu na mtoto yule ni mtoto. Nataka awe mahali ambapo akianguka, mtu anamwambia pole mtoto, na si pole mama, wala pole mdogo wangu. Hata wewe ukiniambia nimekukosea adabu, nitakuomba radhi, na bado nitamtaka.

Fedosia


Kambi ya samaki, 12 Juni 2004

Fedosia mwanangu,

Barua yako ilikaa ndani ya buti langu wiki mbili. Sikutaka kuijibu nikiwa na hasira, halafu sikutaka kuijibu nikiwa sina hasira.

Ni kweli. Tulijua. Alinishika mkono akauweka hapo penye uvimbe, akaniambia, "Usimwambie mtu, samaki ni wengi mwaka huu." Nami nikasema sawa, kwa sababu kweli walikuwa wengi.

Nimejaribu kitu. Siku tatu hapa kambini sikumwita mdogo wangu. Nilimwita Agafia, kama anavyoitwa na nesi. Siku ya kwanza aligeuka kutazama mgeni gani amefika. Siku ya pili akaniuliza, "Dada, umenikasirikia?" Siku ya tatu alianguka kwenye mawe ya ukingoni akapasua goti, damu mpaka kwenye soksi. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni: pole mdogo wangu, si wewe uliyenifundisha kupanda mawe haya? Nikayameza. Nikasema, "Pole, mtoto. Pole sana, mtoto."

Fedosia, alilia. Alijitupa chini akalia mpaka akatapika, akapiga mateke, akaniita mbaya. Miaka yote hii akiumia hujikaza, ananitazama usoni mimi, ananiambia, "Si kitu, dada, si kitu." Nilikuwa najisifu kwa watu: mnaona, ana roho ya mkubwa. Kumbe alikuwa anasubiri ruhusa.

Nikambeba. Nikalia na mimi, lakini mimi nilikuwa namlilia mwingine. Miaka mitano na zaidi nilikuwa sijamlilia, kwa nini nimlilie naye yuko mgongoni kwangu? Jioni nikamwambia shemeji yako aliyeko hapa kambini anisogeze na mashua mpaka makaburini. Nimesafisha majani. Msalaba umeinama, tutausimamisha.

Njoo mwezi wa nane, samaki wa mwisho wakishaingia kwenye banda la moshi. Nitamfungia mizigo yake. Uwanjani sitakuja, usinisubiri, wala usimwambie anisubiri. Nimeshasaini mara moja pale, inatosha.

Nilimuuliza kama anataka kwenda. Akasema, "Nikienda, wewe utapikiwa na nani?" Nikamwambia mimi ni mtu mzima, najipikia. Akafikiri. Akasema, "Basi nitakwenda nimwone huyo Marfa anafananaje."

Cheti cha kuzaliwa nimekitia humu, na kadi ya chanjo. Kingine unachotaka kiandike kimoja kimoja. Umeona mimi nikiulizwa vibaya najibu vibaya.

Mama yako Mkubwa,
Matrona


Anchorage, 26 Juni 2004

Mama Mkubwa,

Cheti kimefika na kadi ya chanjo imefika. Nilisoma cheti nimesimama kwenye ngazi, sikuweza kusubiri kufika juu. Marfa amekilamba pembeni, nimekikausha.

Nimesoma habari ya goti mara nyingi. Sina cha kukuambia ambacho hukijui. Asante ni neno dogo na nalitumia hivyo hivyo lilivyo.

Tumepata tiketi ya tarehe kumi na mbili ya mwezi wa nane. Nitakuja mwenyewe, sitatuma mtu. Nitalala kwako siku mbili kama utanikubali, ili asidhani nimemnyakua. Uwanjani nitakwenda naye mimi. Nimekuelewa.

Jambo la fomu tulimalize. Mwaka huu pia mwandike wewe. Nimehesabu siku: mpaka tarehe hiyo atakuwa amelala kwako zaidi ya nusu ya mwaka, na wao wanahesabu usiku, hawahesabu nia. Usinibishie. Wale wanafunzi wakija mwezi wa pili, na wakikuuliza ni nani yako, waambie ni mjukuu wa mdogo wako. Hilo linakubalika, nimeuliza. Kama litakuuma kulitamka, liandike kwenye kikaratasi uwape wasome wenyewe. Mwaka unaofuata nitamwandika mimi, miezi kumi na miwili, na safari hii itakuwa kweli.

Nami nitakuandikia kila mwezi. Nikichelewa, njoo unichape.

Umesema niandike kimoja kimoja. Nimekaa na karatasi hii siku nne, maana kila nilipoandika kitu niliona aibu kwamba mama anauliza. Lakini naogopa kukosea kuliko ninavyoogopa aibu. Ninavyohitaji bado ni hivi:

Barua ya kliniki, ya yule mhudumu wenu, ikisema lile sikio lilitibiwa kwa dawa gani, na kama bado anasikia vizuri upande huo.

Dawa ya majani unayompaka kifuani, kiasi cha kopo moja, na uniandikie inachemshwa mara ngapi.

Picha moja yako. Isiwe ile ya kanisani. Iwe unafanya kazi, usoni kuna moshi.

Uniandikie anakula nini asubuhi, na anachokikataa.

Uniandikie analala upande gani wa kitanda, na kama anataka taa.

Uniandikie anaogopa nini. Na wewe humwambia nini akiogopa. Niandikie maneno yenyewe, kama unavyoyasema.

Uniandikie nitajuaje kwamba anajikaza. Wewe umejua sasa, mimi bado.

Na vazi lako moja, lile gauni la kitambaa lenye kofia unalolivaa ukiwa unakata samaki. Usilifue. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki, ukaze sana, ulitume kabla hajaja, nami nitaliweka kitandani kwake.

Fedosia